Laptop inaishia kwenye nembo: urekebishe Windows, uiriseti, uipige upya au ubadilishe diski?

Taa ya chaji inawaka, feni inazunguka, nembo ya HP au Dell inatokea, nukta za Windows zinaanza kuzunguka, halafu basi. Inabaki hapo nusu saa, au inajizima na kuanza upya, au inakuletea skrini ya bluu. Ukiipeleka kwa fundi wa Kariakoo au Luthuli Avenue, aghalabu utaambiwa, "Hii tupige Windows tu." Kuna siku hiyo ndiyo dawa. Kuna siku nyingi zaidi ambapo ni dawa ya ugonjwa mwingine, na unailipia kwa picha, mafaili ya kazi na programu ambazo hujui tena utazipata wapi.

Njia ziko nne: kurekebisha Windows iliyopo, kuiriseti (kuirudisha hali ya mwanzo), kupiga Windows mpya kwa flashi (kuisakinisha upya), na kubadilisha diski. Watu huzichagua kwa kuangalia ipi ni ya haraka. Kigezo chenyewe ni hali ya diski, kikifuatiwa na swali la mafaili yako yako wapi. Muda unakuja mwisho.

Je, ni Windows kweli?

Kama hata nembo ya kampuni haitokei, mashine haijafika kwenye Windows na hakuna kati ya hizi nne itakayokusaidia. Chomoa chaja, toa betri kama ni ya kutoka, kandamiza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, rudisha chaja peke yake, washa. Ikikataa, fungua kifuniko cha chini, toa RAM (vipande vya kumbukumbu ya muda), sugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, pangusa mabaki ya ufutio, kisha rudisha kipande kimoja tu. Jaribu tundu la pili, halafu kipande cha pili. Kwenye HP nyingi, milio 3 mirefu na 2 mifupi maana yake ni RAM.

Kioo kikiwa cheusi lakini unasikia mashine inafanya kazi, kimulike kwa tochi ya simu kutoka pembeni. Ukiona maandishi hafifu, kompyuta yako ni nzima. Kilichokufa ni taa ya nyuma ya kioo. Iunganishe na runinga kwa waya wa HDMI uendelee na kazi yako huku ukitafuta kioo.

Diski ipimwe kwanza

Diski inayokufa na Windows iliyoharibika hufanana sana kwa nje. Diski mbovu ikishindwa kusoma sehemu fulani hairipoti mara moja. Inarudia kusoma, tena na tena, na Windows inasubiri. Ndiyo maana unaona nukta zikizunguka dakika 20. Tofauti huonekana ukiwa mtulivu: Windows iliyoharibika hukwama mahali palepale, kwa ujumbe uleule, kila ukiwasha. Diski mbovu hubadilika. Asubuhi inafika kwenye nenosiri, mchana inaishia kwenye nembo, jioni inafunguka kabisa lakini kufungua folda moja kunachukua dakika nzima. Diski za kuzunguka huongeza mlio wa kugonga, tik, kimya, tik.

Usibahatishe, pima. HP: washa huku ukigonga Esc, kisha F2, na uendeshe jaribio la diski. Dell: gonga F12 na uchague Diagnostics. ThinkPad nyingi za karibuni hutumia F10. HP ikikuandikia namba 301 wakati wa kuwaka, hakuna haja ya kupima tena. Diski yenyewe imeshatoa taarifa kwamba inaelekea kufa.

Kipimo kinachoeleza zaidi ni flashi ya Linux Mint au Ubuntu, ambayo unaiwasha bila kuiweka kwenye mashine. Fungua programu ya Disks, chagua diski, nenda kwenye SMART Data, rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe. Tazama mistari miwili: namba 5, sehemu zilizokwisha kuhamishwa kwa sababu ya ubovu, na namba 197, sehemu zinazosubiri kuamuliwa. Zote zikiwa sifuri, vizuri. Ya 197 ikiwa na hesabu yoyote, na hasa ikipanda kati ya kipimo cha leo na cha kesho, acha mambo ya kurekebisha. Okoa mafaili, nunua diski.

Hapa ndipo ushauri mmoja maarufu unapoumiza watu: "Endesha chkdsk /r." Amri hiyo hulazimisha kila sehemu ya diski isomwe. Kwa diski nzima yenye hitilafu ndogo ya mpangilio wa mafaili ni sawa, ingawa 1 TB ya kuzunguka inaweza kula masaa mengi. Kwa diski inayokufa, ni sawa na kumkimbiza mgonjwa wa moyo kupanda ngazi ili ujue kama ni mgonjwa. Kama hujapima, ishia kwenye chkdsk /f, ambayo hurekebisha mpangilio wa mafaili bila kusoma kila sehemu.

Mafaili kabla ya dawa yoyote

Huhitaji Windows ifunguke ndipo unakili. Ingia kwenye mazingira ya ukarabati: washa, nukta zikianza kuzunguka kandamiza kitufe cha kuzimia sekunde 10, rudia, na kwa kawaida safari ya tatu Windows yenyewe italeta ukurasa wa ukarabati. Chagua Troubleshoot, Advanced options, Command Prompt. Andika notepad, bonyeza Enter, kisha File, Open, na chini ubadilishe aina ya mafaili iwe All Files. Dirisha hilo dogo sasa ni kivinjari cha mafaili: bofya folda kwa kitufe cha kulia, Copy, nenda kwenye flashi, Paste. Chomeka flashi kabla hujafungua notepad. Wakati wa kunakili hakuna mstari wa maendeleo, dirisha linaganda tu kama limekufa. Liache. Ukilifunga, umekata kazi katikati.

Kwa folda kubwa tumia robocopy, amri ya kunakili iliyomo ndani ya Windows:

robocopy D:\Users\jinalako\Documents E:\nakala /E /R:1 /W:1

Hizo R na W si mapambo. Bila kuziandika, robocopy ikikuta faili bovu hujaribu mara 1,000,000, ikipumzika sekunde 30 kila mara. Angalia pia herufi za diski: humu ndani C: ya kila siku inaweza kuwa D:.

Ukiombwa namba ya BitLocker (kufuli la Windows linalosimba diski nzima) yenye tarakimu 48, ingia aka.ms/myrecoverykey kwa simu, ukitumia akaunti ya Microsoft iliyowekwa kwenye mashine hiyo. Bila namba hiyo mafaili hayasomeki, hata diski ukiitoa na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine. Mwenye laptop ya mtumba anapaswa kulijua hili mapema: kama aliyeiuza aliiandaa kwa akaunti yake, ufunguo uko kwake.

Njia nne kwa pamoja

| | Mafaili | Programu | Unachohitaji | Muda wa kawaida |
|---|---|---|---|---|
| Kurekebisha | Yanabaki | Zinabaki | Uvumilivu, wakati mwingine flashi ya Windows | Dakika 10 hadi saa 1 |
| Kuriseti, Keep my files | Ya folda zako yanabaki | Zinaondoka | Nafasi kwenye diski, umeme wa uhakika, pengine bando la GB 4 au zaidi | Saa 1 hadi 3 |
| Windows mpya kwa flashi | Yanafutika | Zinaondoka | Flashi ya GB 8, kompyuta ya kuiandalia | Dakika 20 hadi 40 kwenye SSD (diski isiyozunguka), halafu draiva (programu za kuendesha vifaa) |
| Diski mpya | Yako kwenye diski ya zamani | Zinaondoka, isipokuwa ukinakili diski nzima | SSD, bisibisi, flashi ya GB 8 | Kama ya tatu, ongeza nusu saa |

Kurekebisha

Kama diski imepita kipimo, anzia hapa kila mara. Startup Repair, iliyo kwenye Advanced options zilezile, ijaribu mara moja tu. Ikisema imeshindwa, kuirudia ni kupoteza chaji, lakini imekuachia kitu cha maana: faili la C:\Windows\System32\LogFiles\Srt\SrtTrail.txt. Lifungue kwa notepad ileile. Mistari ya mwisho mara nyingi hutaja faili au draiva iliyozuia Windows.

Kinachofuata kinategemea kilichotokea kabla ya kukwama. Kama ilikuwa apdeti, na hasa kama umeme ulikatika katikati yake kwenye laptop ambayo betri yake ilishakufa zamani, nenda Uninstall Updates na uondoe ya mwisho. Kama uliweka draiva au programu mpya, tumia System Restore; haigusi nyaraka zako, ila itafanya kazi tu kama ulinzi huo uliwahi kuwashwa. Kama huna kumbukumbu ya chochote, ingia Safe Mode, yaani Windows ikiwa na vitu vya lazima tu, kupitia Startup Settings, kitufe F4. Ikifunguka huko, Windows ni nzima na mkosaji ni kitu kinachojipakia pamoja nayo.

Thamani ya Safe Mode ilionekana dunia nzima tarehe 19 Julai 2024, apdeti mbovu ya CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, ilipoziangusha kompyuta ambazo Microsoft ilikadiria kuwa milioni 8.5. Skrini za bluu viwanjani, hospitalini, benki. Dawa haikuwa kupiga Windows. Ilikuwa kuingia Safe Mode au Command Prompt, kufungua C:\Windows\System32\drivers\CrowdStrike, kufuta faili linaloanza na C-00000291 na kuishia na .sys, na kuwasha upya. Aliyefomati alifuta kompyuta nzima kwa kosa la faili moja.

Ukiona 0xc000000f au 0xc0000225 kwenye skrini ya bluu yenye neno Recovery, mara nyingi kilichoharibika ni rekodi ya kuwashia. Mitandaoni utaambiwa bootrec /fixboot, na kwenye mashine za UEFI (mfumo wa kisasa wa kuwashia) mara nyingi itakujibu Access is denied. Pita njia hii badala yake. Kwenye Command Prompt andika diskpart, kisha list vol. Tafuta sehemu ndogo ya FAT32, kwa kawaida MB 100 hadi 500. Tuseme ni namba 3. Hakikisha hujachanganya na flashi yako, nayo huenda ni FAT32. Andika:

select vol 3
assign letter=S
exit
bcdboot D:\Windows /s S: /f UEFI

Badala ya D weka herufi yenye Windows yako kwenye orodha ile. Ukisoma Boot files successfully created, funga, toa flashi, washa. Kazi ya dakika tano ambayo wengi wameifanyia kazi ya siku nzima.

Kuriseti

Riseti inapendwa kwa sababu haihitaji flashi wala ujuzi, na kwa sababu ya yale maneno matamu, Keep my files. Yasome kwa makini. Kinachobaki ni folda zako: nyaraka, picha, eneokazi. Programu zote ulizoweka zinaondolewa. Programu ya hesabu za duka iliyohifadhi data yake ndani ya folda yake kwenye Program Files itaondoka na data hiyo, na mwenye duka atagundua jioni anapotaka kufunga mauzo.

Utaulizwa Cloud download au Local reinstall. Ya kwanza hupakua Windows upya, GB 4 au zaidi, kwa hiyo kwa mtu wa bando la simu ni gharama halisi. Ya pili hutumia mafaili yaliyomo kwenye diski, yaani yaleyale yanayoshukiwa. Ndiyo maana mara nyingi huishia katikati na There was a problem resetting your PC. No changes were made. Ukiupata ujumbe huo mara moja, usirudie. Kama Cloud download haiwezekani, nenda njia ya tatu.

Kwa maoni yetu riseti ni njia ya kati isiyo na faida kubwa. Kama mafaili umeshanakili, Windows mpya kwa flashi hukupa mfumo safi zaidi kwa muda mfupi zaidi. Kama hujanakili, riseti ni kuweka imani kwenye Windows ambayo tayari imekuangusha. Pale inapofaa kweli ni kwa mtu aliye mbali na kompyuta nyingine, diski yake imepita kipimo, na ana intaneti isiyopimwa kwa MB.

Windows mpya kwa flashi

Pakua Media Creation Tool kutoka tovuti ya Microsoft kwenye kompyuta nyingine, chomeka flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha thamani, iache itengeneze. Kuwasha kwa flashi: HP ni F9, Dell na Lenovo F12, ASUS Esc, Acer ni F12 lakini mara nyingi lazima kwanza uiruhusu ndani ya BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) kwa F2.

Tatizo linalowachanganya wengi ni kufika kwenye ukurasa wa kuchagua diski na kukuta ukurasa mtupu. Watu hukimbilia kununua SSD nyingine. Kwenye mashine za Intel kizazi cha 11 na kuendelea, sababu ya kawaida ni VMD: diski iko nyuma ya kidhibiti cha Intel ambacho flashi haina draiva yake. Pakua draiva ya Intel RST kutoka ukurasa wa laptop yako, ifungue kwenye folda ya flashi, bonyeza Load driver. Kuzima VMD kwenye BIOS pia hufanya kazi, ila kama Windows ya zamani ungali unaitaka, haitawaka tena hadi uirudishe.

Ukiulizwa ufunguo wa bidhaa, chagua kwamba huna. Laptop nyingi zilizotoka na Windows 8 na kuendelea zina ufunguo ndani ya ubao mama. Ukichagua toleo lilelile, Home au Pro, itajithibitisha ikipata intaneti. Kwa hiyo hakuna sababu ya kukubali flashi yenye Windows iliyochakachuliwa na kiwashio cha bure, ambacho sharti lake la kwanza ni kuzima kinga ya virusi.

Toleo gani? Windows 10 ilimaliza msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 hudai TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM GB 4, diski GB 64, na kwa Intel, kizazi cha 8 kwenda juu. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi (mbili za kwanza kuanzia kizazi cha 10): i5-6300U ni cha 6, i5-8250U ni cha 8. Mitumba mingi mizuri, kama ThinkPad T460, imeachwa nje ya mstari huo. Kwa mashine hizo, kama kazi ni kivinjari, barua na jedwali, Linux Mint ni jibu la heshima.

Diski mpya

Laptop iliyokuja na diski ya kuzunguka hufaidika hata kama diski hiyo bado nzima. Hakuna kipuri kingine cha bei hiyo kinachoibadilisha mashine kiasi hicho. Angalia tu unachonunua. SSD ya SATA ya inchi 2.5, unene milimita 7, huingia palipokuwa na diski ya zamani. Aina ya M.2, kibao chembamba kinachochomekwa kwenye ubao mama, iliyo ya kawaida ni 2280, yaani upana milimita 22 na urefu 80, na hapo ndipo makosa hutokea. M.2 ya SATA yenye mikato miwili huingia vizuri kabisa kwenye tundu la NVMe (njia nyingine ya kuunganisha diski, yenye kasi zaidi), skrubu inakaza, na BIOS haiioni, kwa sababu umbo limelingana lakini lugha siyo. Soma mwongozo wa modeli yako, au nenda dukani na ile ya zamani mkononi.

SSD ya 2 TB kwa bei ya 256 GB ni ya kughushi. Ijaribu kwa H2testw kabla hujaweka chochote. Huijaza yote kisha kuisoma tena, na uongo wa ukubwa hujitokeza wenyewe.

Diski ya zamani itie kwenye kasha la USB unakili mafaili. Ikiwa inasoma kwa shida, usiifungue folda kwa folda. Ichomeke kwenye Linux na uinakili nzima kwa ddrescue, ambayo huchukua kwanza yaliyo mepesi na kuacha magumu mwisho. Chanzo huandikwa kwanza, diski pokezi pili. Ukizigeuza, umeandika utupu juu ya kila ulichokuwa unakiokoa. Ikiwa inagonga, ichomoe na usiiwashe tena mpaka ifike kwa mtu wa kuokoa data.

Kesi isiyohitaji hata moja kati ya hizi

Skrini ya bluu ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, diski imepita kipimo, Windows ilipigwa wiki tatu zilizopita na tatizo limerudi. Ingia BIOS utazame tarehe. Ikiwa imerudi nyuma miaka, betri ndogo ya CR2032 ndani ya mashine imekwisha. Kwenye laptop yenye betri kuu iliyokufa, kila ukichomoa chaja usiku BIOS husahau mipangilio yake na kurudi ya kiwandani. Mmojawapo ni namna ya kuzungumza na diski, RAID au AHCI, na Dell nyingi kiwandani huwa RAID. Fundi aliyepiga Windows aliiweka AHCI. Asubuhi diski ileile inaulizwa kwa mlango usio wake, na Windows haiioni. Rudisha AHCI itawaka papo hapo. Kisha badilisha CR2032; kwenye laptop huwa imefungwa plastiki na ina waya wenye kichwa kidogo, kwa hiyo nunua yenye waya, au mpe fundi ahamishie waya huo.